Kwa nini gemu za zamani zina sura ile

Mwaka 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa kompyuta ya nyumbani iitwayo ZX Spectrum. Toleo lake kubwa lilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1983, Nintendo ikaanza kuuza Famicom nchini Japani, mashine ya michezo ambayo kwingineko ilikuja kujulikana kama NES. Hiyo ilikuwa na kilobaiti 2 za kumbukumbu kwa ajili ya prosesa na kilobaiti 2 nyingine kwa ajili ya picha. Jumla 4, dhidi ya 48.

Ukiziwasha zote mbili leo utaona jambo la ajabu. Ile yenye kumbukumbu haba ndiyo inayosogeza mandhari kwa ulaini. Wahusika wanakimbia na rangi zao, na mawingu yanapita nyuma yao bila kukwama. Ile yenye kumbukumbu mara 12 zaidi mara nyingi husogeza picha kwa kurukaruka, na mhusika akipita mbele ya mti, ama rangi ya mti humrukia yeye ama rangi yake huuvamia mti.

Wengi hujibu kwa kusema kwamba NES "ilikuwa na nguvu zaidi", kisha wanaendelea na mengine. Jibu hilo halielezi kitu. Nguvu ipi? Prosesa zote mbili zilikuwa za biti 8, za kizazi kimoja, na wala haikuwa kwamba ya Nintendo iliiacha ya Sinclair mbali. Fumbo hili linafumbuka ukijua mambo mawili yaliyowabana mafundi wa enzi ile katika kila uamuzi: televisheni isiyomsubiri mtu, na bei ya kumbukumbu. Sura tunayoiita leo "ya kizamani", na ambayo vijana wanaotengeneza gemu sasa huiiga kwa makusudi, ilizaliwa humo. Hakuna aliyeichagua kwa sababu ya uzuri wake. Ilikuwa matokeo ya hesabu.

Televisheni haisubiri

Televisheni za chogo, zile zenye mgongo mrefu, zilichora picha kwa mwale wa elektroni. Mwale huo ulifagia kioo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kuanzia juu hadi chini, kisha ukarudi juu na kuanza tena. Katika mfumo wa NTSC, uliotumika Marekani na Japani, ulifanya hivyo karibu mara 60 kwa sekunde. Katika mfumo wa PAL, uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya, mara 50. Kioo chenyewe hakikuhifadhi chochote: sehemu iliyopigwa na mwale iling'aa kidogo kisha ikafifia. Kwa hiyo picha ilibidi ichorwe upya muda wote, hata kama hakuna kilichosogea ndani yake.

Njia iliyo rahisi kuielewa ni kutenga eneo la kumbukumbu lenye nafasi ya kila kitone cha picha, yaani pikseli. Prosesa inaandika humo kwa wakati wake, na saketi nyingine inasoma humo ikifuata mwendo wa mwale. Simu na kompyuta za leo hufanya hivyo. Katika miaka ya 1970 njia hiyo ilikuwa ghali mno kwa kifaa cha kuuzwa kama kitu cha kuchezea.

Mfano mkali kuliko yote ni mashine ya michezo ya Atari 2600, iliyotoka mwaka 1977. RAM yake, yaani kumbukumbu ya kazi, ilikuwa ya baiti 128. Si kilobaiti, baiti. Picha ya pikseli 160 kwa 192, hata ikiwa ya rangi mbili tu, yaani biti moja kwa kila pikseli na biti 8 kwa kila baiti, inahitaji baiti 3,840, ambazo ni mara 30 ya kumbukumbu yote ya mashine hiyo. Na katika baiti hizo 128 ilibidi pia vikae vitu vyote vinavyobadilika mchezo ukiendelea: alama, maisha yaliyobaki, mahali alipo kila adui, kasi ya kila kombora.

Wabunifu wake, akiwemo Jay Miner aliyeongoza kazi ya chipu ya picha iitwayo TIA, waliamua jambo ambalo hadi leo nalistaajabia kwa ujasiri wake. Waliacha kabisa kuhifadhi picha. TIA inajua mstari mmoja tu, ule unaochorwa sasa hivi. Ina nafasi ya maumbo mawili ya wachezaji yenye upana wa pikseli 8 kila moja, makombora mawili, mpira mmoja, na mandhari ya vipande 20 vipana ambavyo upande wa pili wa kioo hurudiwa vilevile au kugeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Ukiisoma orodha hiyo unaona mara moja gemu zilizokuwa akilini mwao: vifaru viwili vinavyorushiana makombora, na tenisi ya mezani ya Pong. Zaidi ya hapo chipu haikuandaliwa kwa lolote.

Kazi iliyobaki ilimwangukia mwandishi wa programu. Ilikuwa juu yake kubadilisha yaliyomo ndani ya TIA mstari baada ya mstari, kabla mwale haujafika, kama mtu anayetandika mkeka mbele ya mgeni ambaye tayari anatembea. Mstari mmoja huchukua mipigo 76 ya saa ya prosesa. Amri nyepesi kabisa hutumia mipigo 2, na nyingi hutumia 3 hadi 5. Hesabu yake ni kwamba kila mstari una nafasi ya amri kama 20 hivi. Ukichelewa kwa mpigo mmoja, umbo linatokea mahali pasipo pake. Na gemu yenyewe ilikuwa inafikiri saa ngapi? Kwa kawaida picha ilichukua mistari 192 kati ya 262 ya fremu moja ya NTSC, yaani mfagio mmoja kamili wa mwale. Mistari 70 iliyobaki, wakati mwale uko nje ya eneo la picha au unarudi juu, ilitoa mipigo 5,320. Humo ndimo mlimofanyika mambo mengine yote: kusoma kidhibiti cha mchezaji, kusogeza maadui, kuamua nani amekufa.

Gemu ya Video Chess ya mwaka 1979 inaonyesha wazi gharama ya mpango huo. Mashine inapofikiria hatua yake ya sataranji, ubao hupotea na kioo hujaa rangi zinazobadilika ovyo. Watu walidhani ni ubovu. Ukweli ni kwamba prosesa haiwezi kuchora na kutafuta hatua nzuri kwa wakati mmoja. Inabidi iache kimoja. Kompyuta ya Sinclair ya mwaka 1980, ZX80, ilikuwa na hali hiyohiyo: kila ulipobonyeza kitufe au kuendesha programu, picha ilikatika. ZX81 iliyofuata mwaka 1981, yenye kilobaiti 1 tu ya RAM, ilimpa mtumiaji uamuzi wake mwenyewe: SLOW, mashine ikokotoe polepole huku picha ipo, au FAST, ikokotoe haraka kioo kikiwa kitupu. Mashine moja ilikuwa ya michezo na nyingine ya kujifunzia programu, moja ya Marekani na nyingine ya Uingereza, lakini zote mbili zilikuwa zinalipa deni lilelile kwa mwale uleule.

Jambo linalonifurahisha zaidi katika historia hii ni kwamba unyonge huo uligeuka kuwa uhuru. Kwa kuwa TIA haikumbuki mstari uliopita, hakuna kinachokuzuia kuipa rangi mpya kila mstari, au kulitumia tena umbo lilelile chini zaidi kama adui mwingine kabisa. Ndiyo maana anga za gemu za Atari 2600 zina rangi zinazogeuka taratibu kutoka juu kwenda chini, jambo ambalo kompyuta nyingi za gharama kubwa zaidi za wakati huo hazikuliweza kirahisi. Chipu iliyoundwa kwa vifaru viwili ilikuja kuonyesha jeshi zima la wavamizi katika toleo lake la Space Invaders la mwaka 1980.

Katriji na kaseti

Sasa turudi kwenye zile kilobaiti 4 dhidi ya 48. Ulinganisho huo, ingawa tarakimu zake ni sahihi, unapotosha, na upotoshaji wake uko katika kuchanganya aina mbili za kumbukumbu.

RAM ni kumbukumbu inayoandikwa na kufutwa, na umeme ukikatika hubaki tupu. ROM huandikwa mara moja kiwandani na haibadiliki tena. Tofauti ya bei kati yake ilikuwa kubwa: RAM tuli, aina iliyotumika ndani ya mashine kama Atari 2600 na NES, kwa kawaida huhitaji transista 6 kwa kila biti, ilhali ROM huhitaji kama moja tu. Kwa silikoni ileile unapata ROM nyingi zaidi.

Katriji ni ROM ndani ya plastiki. Ukiichomeka, inakuwa sehemu ya mashine: prosesa huisoma moja kwa moja, papo hapo, bila kunakili chochote kwenda kwenye RAM. Mashine ya kwanza ya michezo yenye prosesa na katriji za namna hiyo ilikuwa Fairchild Channel F ya mwaka 1976, na mhandisi Jerry Lawson ndiye aliyeongoza kazi hiyo. Kabla yake, Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, ilikuwa na kadi za kuchomeka, lakini kadi hizo hazikuwa na programu ndani. Ziliunganisha tu nyaya kwa namna tofauti, na mandhari ya mchezo ilikuwa karatasi ya plastiki inayobandikwa juu ya kioo cha televisheni.

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilikuwa na kilobaiti 32 za programu na kilobaiti 8 za picha ndani ya katriji yake. Ukizijumlisha na RAM ya mashine unapata 44. Pengo kati ya NES na Spectrum limefifia ghafla.

Kompyuta ya nyumbani ilikwenda njia nyingine. Programu ilihifadhiwa kwenye kaseti ya kawaida ya muziki, ikiwa sauti. Katika Spectrum, biti yenye thamani 0 ilikuwa mawimbi mafupi na 1 ilikuwa mawimbi ya urefu maradufu. Ule mlio mkali unaokwaruza masikio wakati wa kupakia gemu ni data yenyewe ikisikika. Kilobaiti 48 zilichukua karibu dakika 5. Na kwa kuwa prosesa haiwezi kuruka huku na huku ndani ya utepe, kila kitu kilibidi kikae kwenye RAM kabla mchezo haujaanza: programu, picha, ramani, muziki, pamoja na eneo la skrini. Kilobaiti 48 ni baiti 49,152; ukiondoa 6,912 za skrini, zinabaki 42,240. Kwa maneno mengine, Spectrum haikuwa na kumbukumbu nyingi kwa anasa. Ililazimika.

Kwa nini basi wachague njia yenye usumbufu hivyo? Kwa sababu kaseti ilikuwa rahisi kwa pande zote mbili, kwa mnunuzi na kwa mtunzi. Katriji huagizwa kiwandani kwa wingi na kulipiwa mapema, kabla hujajua kama gemu itauzwa. Kaseti inarekodiwa chumbani. Kijana mwenye kompyuta moja aliweza kuandika gemu, kuinakili na kuiuza, na maelfu walijaribu. Kompyuta hizo nazo zilimkaribisha: ukiiwasha Spectrum, Commodore 64 au BBC Micro hukuti orodha ya gemu. Unakuta BASIC, lugha ya programu iliyozaliwa katika chuo cha Dartmouth mwaka 1964, ikikusubiri uandike amri. Naamini hilo lilikuwa na uzito kuliko ubora wowote wa picha. Mashine ya michezo ilimpa mtoto kazi ya mtu mwingine iliyokamilika. Kompyuta ya nyumbani ilimpa kazi ambayo bado haijaandikwa.

Miongoni mwa matunda yake ni Elite ya mwaka 1984, iliyoandikwa kwa ajili ya BBC Micro na David Braben na Ian Bell, wanafunzi wa Cambridge. Ina galaksi 8, kila moja ikiwa na mifumo 256 ya sayari: jumla 2,048, kila mmoja na jina lake, uchumi wake na serikali yake. Kuhifadhi orodha hiyo nzima kungemeza sehemu kubwa ya kumbukumbu ya mashine. Wao hawakuihifadhi. Waliweka baiti 6 za mwanzo na kanuni ya kuzizungusha. Kila mzunguko huzaa namba mpya, na kutoka kwenye namba hizo hutoka majina, bei na mahali pa nyota. Kwa kuwa kanuni ni ileile na baiti za mwanzo ni zilezile, kila mchezaji duniani hukuta ulimwengu uleule. Miaka miwili kabla, upande wa katriji, David Crane alifanya jambo la ukoo mmoja katika Pitfall! ya Atari 2600: baiti moja inayogeuzwa kwa kanuni ilitoa skrini 255 za msitu, zikienda mbele na kurudi nyuma kwa mpangilio usiobadilika, yote ndani ya katriji ya kilobaiti 4.

Vigae

Nusu ya pili ya fumbo iko ndani ya chipu za picha.

Skrini ya Spectrum ina pikseli 256 kwa 192. Kila pikseli imewashwa au imezimwa, biti moja, hivyo baiti 6,144. Je, rangi? Kama kila pikseli ingepewa uhuru wa kuchagua kati ya rangi 16, zingehitajika baiti 24,576, nusu ya kumbukumbu yote ya toleo kubwa. Toleo dogo la Spectrum, la kilobaiti 16, lisingetosha hata kwa skrini peke yake. Sinclair wakagawa skrini katika visanduku 768 vya pikseli 8 kwa 8, na kila kisanduku kikapewa baiti moja inayosema: rangi ya mbele ni hii, rangi ya nyuma ni hii. Baiti 768 badala ya makumi ya maelfu. Bei yake ndiyo ule mgongano wa rangi: mhusika wa njano akiingia kwenye kisanduku cha mti wa kijani, kisanduku kizima kinaweza kuwa na rangi mbili tu, na mmoja lazima ashindwe. Watunzi makini waliacha kupigana nao. Knight Lore ya mwaka 1984 ilichorwa kwa rangi moja katika kila chumba, na uzuri wake uko katika umbo na kivuli.

Kusogeza picha hiyo nako kulikuwa kazi. Z80, prosesa ya Spectrum, ina amri ya kunakili kundi la baiti inayotumia mipigo 21 kwa kila baiti. Kuhamisha skrini nzima ni 6,144 mara 21, yaani mipigo 129,024. Televisheni huanza fremu mpya kila baada ya mipigo 69,888. Kabla hujamaliza kuhamisha picha mara moja, mwale umeshapita karibu mara mbili, na bado hujasogeza adui hata mmoja. Zilikuwepo mbinu za haraka zaidi, na mabingwa walizitumia, lakini ukuta ulikuwa palepale.

NES haihifadhi pikseli za skrini hata moja. Inahifadhi namba za vigae. Katriji ina picha ndogo za pikseli 8 kwa 8, kila moja baiti 16, na skrini ni gridi ya vigae 32 kwa 30. Kumbukumbu inasema tu: hapa weka kigae namba 36, pembeni yake namba 37. Baiti 960 kwa vigae na 64 za kugawa rangi, jumla 1,024. Zile kilobaiti 2 za picha zinatosha skrini mbili nzima zilizowekwa ubavuni. Kusogeza mandhari, basi, ni kuiambia chipu ya picha ianze kusoma kutoka wapi. Baiti mbili! Dhidi ya 6,144. Prosesa inabaki na kazi ya kuandika safu mpya ya vigae 30 nje ya ukingo wa skrini kila mandhari inaposogea pikseli 8, na mchezaji anaona ulimwengu usiokatika.

Wahusika hawamo kwenye gridi hiyo. Wako kwenye tabaka lao, maumbo yanayoitwa spraiti, 64 kwa jumla, yenye rangi zao wenyewe. Mandhari ya NES nayo ina mgawo mkali wa rangi: kila eneo la pikseli 16 kwa 16 lazima litumie seti moja kati ya nne. Mgongano hauonekani kwa sababu kinachotembea hakigusi rangi za kisichotembea. Wabunifu wa Nintendo walijua kabla kwamba mashine yao itafanya kazi ya namna moja, mhusika anayepita mbele ya mandhari, wakaipa chipu umbo la kazi hiyo. Sinclair hawakujua kompyuta yao itatumika kwa nini, wakaiachia prosesa kila kitu.

Kila mpango una pa kuvuja. Chipu ya NES haiwezi kuonyesha zaidi ya spraiti 8 kwenye mstari mmoja. Ya tisa inatoweka. Ili asiwepo adui asiyeonekana kabisa, watunzi walibadilisha mpangilio wa spraiti kila fremu, hivyo zote zinapokezana kutoweka, na macho huona kumeta. Kumeta kule si hitilafu. Ni njia ya kugawana uhaba kwa haki. Vigae navyo vilihesabiwa kwa ubahili: katika Super Mario Bros., wingu na kichaka ni vigae vilevile vyenye rangi tofauti.

Commodore 64 ya mwaka 1982 ilisimama katikati ya kambi hizo mbili. Ilikuwa kompyuta kamili, yenye BASIC na kaseti, lakini chipu yake ya picha ilikuwa na spraiti 8 za pikseli 24 kwa 21 na uwezo wa kusogeza mandhari pikseli kwa pikseli. Commodore waliweza kumudu chipu za namna hiyo kwa sababu kiwanda cha chipu cha MOS Technology kilikuwa chao tangu mwaka 1976. Kiwanda hicho ndicho kilichozaa 6502, prosesa iliyouzwa kwa dola 25 mwaka 1975 wakati washindani walidai mara kadhaa zaidi. Ndugu zake na yenyewe zimo ndani ya Atari 2600, Apple II, Commodore PET, BBC Micro, Commodore 64 na NES. Majina haya yaliyokuwa mahasimu sokoni yalikuwa na moyo mmoja.

Maana ya biti 8

"Biti 8" limekuwa jina la mtindo wa michoro, lakini halisemi lolote kuhusu michoro. Linamaanisha kwamba prosesa hushika biti 8 kwa mkupuo mmoja, na biti 8 huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Ndiyo sababu katika gemu ya kwanza ya The Legend of Zelda huwezi kubeba zaidi ya vito 255, na ndiyo sababu Pac-Man huvurugika kwenye hatua ya 256, nusu ya kioo ikajaa herufi zisizo na mpango: namba ya hatua imezidi uwezo wa baiti yake.

Anwani za kumbukumbu hutumia biti 16, kwa hiyo prosesa hizi huona mahali 65,536 tu, kilobaiti 64. Commodore 64 ilikuwa na RAM ya kujaza nafasi hiyo yote, lakini ukiiwasha inakuambia una baiti 38,911 za BASIC. Hakuna aliyeiba zilizobaki. Sehemu zimefunikwa na ROM ya BASIC na ya mfumo, sehemu zimetengwa kwa skrini na vifaa. Mwandishi wa lugha ya mashine aliweza kuifunua RAM iliyo chini yake. Mbinu ya kufunika na kufunua ndiyo iliyoziokoa katriji pia. Super Mario Bros. 3 ya mwaka 1988 ina kilobaiti 384, mara sita ya vile prosesa inavyoweza kuona. Chipu ndani ya katriji huleta kipande kinachohitajika mbele ya prosesa na kukiondoa kingine, na hiyohiyo huhesabu mistari ya televisheni ili ubao wa alama ulio chini ubaki tuli wakati mandhari inasogea. Kwa hiyo mnunuzi wa katriji wakati mwingine alikuwa ananunua sehemu mpya ya mashine bila kujua.

Kioo kilichobadilika

Gemu hizi zilichorwa kwa ajili ya kioo ambacho hakitengenezwi tena kwa ajili ya majumbani, na hapo ndipo watu wengi wanapozihukumu vibaya. Kwenye televisheni ya chogo pikseli haikuwa mraba wenye kingo kali. Ilikuwa doa laini linaloingiliana na jirani yake, hasa kupitia waya wa kawaida wa video ambao huchanganya rangi. Wachoraji walilijua hilo na kulitegemea. Katika Sonic the Hedgehog ya Mega Drive, mashine ya michezo ya Sega, mwaka 1991, maporomoko ya maji ni mistari iliyosimama inayopishana na mapengo. Waya wa zamani uliichanganya ikawa maji yanayoonyesha kilicho nyuma yake. Kwenye skrini bapa ya leo unaona mistari, kama pazia lililochanika.

Mbaya zaidi ni bunduki ya mwanga ya Nintendo, iliyotumika katika gemu ya kuwinda bata, Duck Hunt. Ukivuta kifyatulio, kioo huwa cheusi kwa fremu moja, kisha mraba mweupe hutokea mahali alipo bata, na jicho lililo ndani ya bunduki huangalia kama limeona mwanga wakati uleule uliotarajiwa. Televisheni za sasa huichakata picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo mdogo unatosha kabisa: mwanga unafika baada ya mashine kuacha kuutafuta.

Kuna pia suala la 50 na 60. Gemu nyingi za Japani ziliandikwa zihesabu muda kwa fremu. Zilipopelekwa katika nchi za PAL bila kurekebishwa, zikaenda kwa fremu 50 badala ya 60, pungufu kwa asilimia 17 hivi, muziki ukiwa mzito na picha ikibanwa kati ya mistari myeusi juu na chini. Watoto wengi wa Ulaya walimjua Sonic mzembe kidogo kuliko alivyokusudiwa, bila kuwa na cha kumlinganisha naye.

Kwa anayetaka kuzionja leo kupitia emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, mambo matatu hubadilisha sana matokeo. Weka uwiano wa picha wa 4 kwa 3, kwa sababu pikseli za mashine nyingi hizo hazikuwa mraba na kuzitanua hunenepesha kila umbo. Kwa gemu za Japani na Marekani tafuta toleo la 60; kwa zile za Spectrum, zilizozaliwa Uingereza, baki na 50. Na jaribu kichujio kinachoiga mwale wa chogo, hasa kwa gemu za Mega Drive, uone maporomoko yale yakigeuka maji. Kama unaunganisha mashine yenyewe na televisheni mpya, fahamu kwamba nyingi hutuma mistari 240 isiyopishana, ambayo televisheni mpya huidhania kuwa nusu ya picha ya mistari 480 na kuichanganya vibaya; ndiyo maana kuna vifaa vidogo vya kugeuza mawimbi hayo, vinavyotambua mistari 240 kwa jinsi ilivyo na kuirudufu kwa usahihi.